Dalali Asiyetoza Hata Senti

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya ile habari ya reli, na wapo walioniandikia kuniuliza kama nimeingia mitini. Sijaingia mitini, itakuja. Leo naomba niwape kitu kingine ambacho kimeninyima usingizi wiki nzima, tena kuninyima kwelikweli, maana kilianza na simu ya saa nane usiku.

Aliyepiga ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye mwaka huu anatimiza mwaka wa kumi na tatu akiishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Kwake saa hizo ndiyo kwanza anatoka kazini, anafanya kazi hospitalini, na hajawahi kujali kwamba huku kwetu watu wamelala. Nilijua ni msiba au ni mchango wa harusi. Kumbe anataka kununua nyumba.

"Mdogo wangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nichimbulie. Nimepata dalali wa mikopo, kijana mchangamfu kweli, anasema ataninyooshea kila kitu. Atapeleka maombi yangu kwa wakopeshaji kumi na kitu anitafutie riba nafuu. Na mimi hanitozi hata senti. Sasa niende naye au niende zangu mwenyewe benki?"

Nilicheka. Mimi nimehama nyumba mara nne hapa Dar, kutoka Sinza mpaka Tabata, na sijawahi kukutana na dalali asiyetoza. Wa kwetu anataka hela ya kukuonyesha nyumba, ukiipenda anataka na kodi ya mwezi mmoja juu yake, na ukichelewa kumlipa anakuwekea kikao mlangoni. Lakini angalau wa kwetu najua anakula wapi. Huyu wa dada anakula wapi?

Nikamwomba wiki moja. Nilidhani nitamaliza kwa siku moja, nikajikuta nipo mwaka 1880.

Lakini kwanza kwa nini sikumjibu kutokana na uzoefu wa hapa nyumbani? Kwa sababu hapa swali lenyewe bado ni geni. Tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kufa mwaka 1995, na baada ya hapo kwa miaka mingi mtu wa kawaida alijenga kama tunavyojua wote: kiwanja mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati Mungu akipenda. Sheria ya mikopo ya nyumba ilikuja mwaka 2008, na kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, TMRC, ikaundwa mwaka 2010. Hata leo wanaojenga kidogo kidogo ni wengi kuliko wanaokopa. Mahali ambapo mikopo yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi, dalali wa mikopo hana cha kuuza. Kwa hiyo ikabidi nimfuate huyu bwana kwao alikozaliwa.

Na si mtoto wa juzi. Katika miaka ya 1870 na 1880 wakulima walikuwa wakimiminika Kansas, Nebraska na Dakota. Ardhi ilikuwepo, mvua nayo kwa miaka ile haikuwa mbaya, kilichokosekana ni pesa. Pesa ilikuwa mashariki, Boston na New York, na nyingine ng'ambo Uingereza, kwa wajane, walimu na wenye maduka waliokuwa na akiba wasijue waiweke wapi. Benki zilizosajiliwa na serikali kuu zilikuwa zimefungwa mikono, maana sheria ya mwaka 1864 haikuziruhusu kukopesha kwa rehani ya ardhi. Hapo katikati kukawa na pengo, na penye pengo kama hilo dalali haitwi, anakuja mwenyewe.

Mmoja wa waliovuma ni J. B. Watkins, mwenye kampuni yake katika mji wa Lawrence, Kansas. Kazi yake ilikuwa rahisi kuielezea: kumpata mkulima anayehitaji mkopo, kulikagua shamba lake, kuandaa hati ya rehani, halafu kuiuza hati hiyo kwa mtu wa mashariki ambaye hajawahi kuiona Kansas maishani mwake. Mkulima analipa riba ya juu, mwenye pesa anapokea riba ya chini kidogo, na kinachobaki katikati ndiyo ridhiki ya dalali. Mwenye pesa anafurahi. Mkulima naye anafurahi, maana bila huyu bwana asingepata hata senti.

Tatizo lilikuwa kule chini kabisa, kwa wakala wa kijijini anayekwenda kulitazama shamba. Huyu alilipwa kwa mkopo uliopita. Kwa mkopo uliokataliwa hakuwa na chake. Basi mashamba yakawa mazuri kwenye karatasi kuliko yalivyokuwa chini ya jua. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ukame ukaja, bei za mazao zikaanguka, wakulima wakapakia mikokoteni na kuondoka, na kampuni za rehani zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Ya Watkins iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 1894. Naomba mkumbuke jambo hilo la wakala kulipwa kwa mkopo uliopita tu, maana baada ya miaka mia moja na kidogo litarudi likiwa limevaa suti.

Mjini hali ilikuwa nyingine lakini si bora sana. Katika miaka ya 1920 Mmarekani aliyetaka nyumba alitakiwa kuwa na kianzio kikubwa, mara nyingi karibu nusu ya bei, na mkopo wenyewe ulikuwa wa miaka mitatu hadi mitano. Unalipa riba tu, deni linabaki lilivyo, muda ukiisha unaliombea upya. Asiyefikisha kianzio alichukua mkopo wa pili juu ya wa kwanza, na huko kwenye mikopo ya pili ndiko walikokuwa madalali na makato yao mazito. Mfumo huu ulikwenda vizuri mpaka siku benki ziliposema hatuongezi muda tena. Kufikia mwaka 1933 inakadiriwa nyumba kama 1,000 zilikuwa zikichukuliwa na wakopeshaji kila siku.

Serikali ya Roosevelt ikaingilia. Mwaka 1933 likaundwa shirika la kuwaokoa wenye nyumba, HOLC, lililobadilisha mikopo mibovu kama milioni moja kuwa mikopo ya muda mrefu. Mwaka 1934 ikaja FHA, iliyowakatia bima wakopeshaji ili wakopeshe kwa miaka 20 na baadaye 30, mkopaji akilipa kidogo kidogo riba pamoja na deni lenyewe. Huu mkopo wa miaka 30 tunaouona kwenye sinema kama vile ulikuwepo tangu uumbaji, kumbe ni mtoto wa janga.

Kwa miaka kama arobaini iliyofuata, dalali alikaa pembeni. Mtu alikwenda dirishani kwenye chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake, fikirieni SACCOS yenu lakini yenye jengo la marumaru, akaonana na meneja ambaye pengine wanasali kanisa moja. Meneja huyo alikopesha akiba za majirani, na mkopo aliutunza mwenyewe kabatini kwa miaka yote 30. Ukishindwa kulipa, hasara ni yake. Kulikuwa na utani kuwa maisha ya watu wale yalikuwa namba tatu: lipa wenye akiba asilimia 3, kopesha kwa asilimia 6, na saa tisa alasiri uwe umeshafika kwenye gofu.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu hadithi hii ya dirisha zuri la mtaani huwa inasimuliwa kwa mapenzi sana, na kwa kweli haikuwa ya wote. HOLC ilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyoihesabu kuwa ya hatari, na mitaa ya watu weusi ilikuwa ndani ya wekundu huo. FHA nayo ikakataa kuweka bima kwenye mitaa hiyo. Mweusi mwenye kazi nzuri Chicago miaka ya 1950 alikwenda dirishani akarudishwa. Akaangukia mikononi mwa walanguzi walionunua nyumba kwa bei poa na kumuuzia kwa bei mara mbili au zaidi, kwa mkataba ambao nyumba haiwi yake mpaka alipe sehemu ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja unatolewa, na ulicholipa miaka yote kinabaki huko. Mwaka 1968 familia za mtaa wa Lawndale zilijikusanya, zikaunda umoja wao na kugoma kulipa. Kwa hiyo kabla hatujamkemea mtu wa katikati tujiulize alipataje nafasi. Mara nyingi aliipata kwa sababu dirisha lilifungwa.

Dirisha hilo likaja kuvunjika lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 benki kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilipandisha riba ili kuua mfumuko wa bei, na Oktoba 1981 wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulifika asilimia 18.63. Hebu mfikirie yule meneja wa gofu. Kabatini ana mikopo ya asilimia 6 itakayoendelea kulipwa kwa miaka mingi bado, mlangoni wenye akiba wanadai riba kubwa kuliko hiyo au watoe pesa zao. Vyama vikaanza kuanguka, na kati ya mwaka 1986 na 1995 zaidi ya 1,000 vilifungwa.

Wakati vinaanguka, njia nyingine ilikuwa tayari imechongwa. Tangu mwaka 1970, kwa dhamana ya shirika la serikali la Ginnie Mae, mikopo mingi ya nyumba iliweza kufungwa pamoja kama mtumba na vipande vyake vikauzwa kwa wawekezaji. Mkopeshaji hakuhitaji tena kabati. Anatoa mkopo leo, anauuza mwezi ujao, anakopesha tena. Na kama mkopo hautunzi, ya nini matawi na marumaru? Kinachotakiwa ni mtu wa kuwaleta wakopaji. Hapo dalali akarudi kwa kishindo. Chama chao cha kitaifa kilikuwa kimeundwa tangu 1973, lakini neema yao ilikuja miaka ya 1980 na 1990. Mezani unahitaji simu, mashine ya faksi na orodha za riba za wakopeshaji, basi.

Mtu wa Kariakoo atauelewa mpangilio huu haraka kuliko profesa. Mkopeshaji mkubwa akawa na bei mbili, ya jumla na ya rejareja. Bei ya rejareja ni ya anayekwenda mwenyewe. Bei ya jumla ni ya dalali, ambaye naye anaongeza cha kwake na kumuuzia mteja. Kwa kuwa mkopeshaji ameokoa kodi ya jengo na mishahara, dalali mwaminifu angeweza kukupa mkopo wa bei sawa au nafuu kuliko dirishani na bado akala. Hii si propaganda, ilitokea na inatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya nusu ya mikopo ya nyumba Marekani, kwa makadirio ya wakati ule, ilipita mikononi mwa madalali.

Sasa tuje kwenye ile "hata senti."

Kila asubuhi mkopeshaji alituma orodha ya bei kwa madalali. Tuseme mteja mwenye sifa fulani anastahili riba ya asilimia 6. Orodha inamwambia dalali: ukimleta kwa 6 hatukupi kitu. Ukimleta kwa 6.5 tunakupa, tuseme, asilimia 2 ya mkopo. Kwa kiingereza cha kibenki malipo haya yalikuwa na jina refu lililofupishwa kwa herufi tatu, YSP. Mimi nitayaita bakshishi ya riba. Mteja anaambiwa hutoi hata senti, na ni kweli kwamba siku ile hatoi. Tupige hesabu kwa mkopo wa dola 200,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6 rejesho la mwezi ni kama dola 1,199. Kwa 6.5 ni kama dola 1,264. Tofauti ni dola 65, hela ya mboga, mtu haishtukii. Kwa miaka 30 ni zaidi ya dola 23,000. Dalali amepata 4,000 zake mchana ule ule.

Watetezi wa bakshishi walikuwa na hoja, na si hoja ya kijinga. Walisema kuna mtu hana hela taslimu ya kumlipa dalali na kulipia makaratasi, basi anakubali riba ya juu kidogo na gharama zote zinalipwa humo. Ni sawa kabisa, kama mteja anajua na kama bakshishi yote inakwenda kulipia gharama zake. Lakini mwaka 2002 Howell Jackson, profesa wa sheria wa Harvard, alichapisha na mwenzake uchunguzi wa mikopo ya aina hiyo, na walichokikuta ni kwamba wateja waliobebeshwa bakshishi waliishia kumlipa dalali zaidi kuliko waliomlipa waziwazi. Dalali alichukua kushoto akachukua na kulia. Kwenye fomu bakshishi iliandikwa, sheria ilidai hivyo, ila kwa herufi za mkato ambazo mteja wa kawaida angeweza kuzitazama mpaka jioni.

Halafu wakala wa Kansas akarudi na suti yake. Dalali alilipwa mkopo unapopita. Mkopo ukifa baada ya miezi ishirini, yeye hayupo, mkopeshaji naye hayupo, ameshauuza, na anayeumia ni mwekezaji fulani wa mbali ambaye hajawahi kuiona Ohio. Ikaja mikopo ambayo kipato unakitaja kwa mdomo na hakuna anayeomba hati ya mshahara. Ikaja yenye riba ndogo ya miaka miwili ambayo baada ya hapo inaruka. New Century, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa mikopo hii ya wateja dhaifu, aliyepokea sehemu kubwa ya mikopo yake kutoka kwa madalali, aliomba kinga ya kufilisika Aprili 2007. Mwaka uliofuata ni Lehman Brothers na yaliyofuata mnayajua.

Waliopigwa zaidi ni kina nani? Ile mitaa ya rangi nyekundu. Miaka ya 1950 hakuna aliyetaka kuikopesha, miaka ya 2000 kila mtu alitaka kuikopesha kwa bei mbaya. Desemba 2011 Countrywide, iliyokuwa imeshanunuliwa na Bank of America, iliingia makubaliano ya dola milioni 335 na wizara ya sheria ya Marekani. Madai yalikuwa kwamba wakopaji zaidi ya 200,000 weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walitozwa zaidi au kusukumiwa mikopo mibaya kuliko weupe wenye sifa zile zile. Julai 2012 ikafuata Wells Fargo, dola milioni 175, bila kukiri kosa, na kesi yake ilihusu hasa mikopo iliyopitia kwa madalali wa nje. Wakati huo huo benki hiyo ikatangaza kuacha kabisa kuchukua mikopo ya nyumba kwa madalali. Niliposoma hapo nikamfikiria dada. Mweusi, mgeni, lafudhi ya Tanga, na kijana mchangamfu.

Lakini nisiwe mwepesi. Ukisema kosa lilikuwa la madalali basi umewasamehe wengi. Ofisi za Countrywide zenyewe, zenye wafanyakazi wa mishahara, zilikuwamo kwenye madai yale yale. Ofisa wa benki naye alikuwa na shabaha zake za mwezi na kamisheni yake, tofauti ni kwamba yake hukuiona kwenye fomu yoyote. Dalali alilazimika kuandika bakshishi yake, hata kama kwa herufi za mkato. Benki ikikuuzia mkopo wa 6.5 na kesho yake ikauuza kwa faida, faida hiyo haikuandikwa popote. Kwa hiyo wazo la "niende zangu benki, huko hakuna ujanja" lingekuwa la mtoto.

Baada ya kuungua ndipo sheria zikaja, na hizi ndizo zinazomlinda dada leo. Sheria ya Julai 2008 iliagiza kila anayeshughulikia mikopo ya nyumba awe kwenye rejista moja ya taifa, yenye namba ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Cha kuchekesha, dalali anatakiwa kusoma angalau saa 20 za mafunzo na kufaulu mtihani ili apate leseni, wakati mfanyakazi wa benki anasajiliwa tu. Halafu tangu Aprili 2011 bakshishi ya riba ya mtindo ule imekufa: malipo ya dalali hayaruhusiwi kupanda kwa sababu riba ya mteja imepanda. Na haruhusiwi kulipwa pande mbili kwa mkopo mmoja. Ama anakulipisha wewe, ama analipwa na mkopeshaji, achague.

Kwa hiyo kijana wa Columbus anaposema hatozi hata senti, maana yake amechagua kulipwa na mkopeshaji. Hasemi uongo. Analipwa asilimia waliyokubaliana tangu mwanzo, mara nyingi kati ya 1 na karibu 3 ya mkopo wote, na mkopeshaji hatoi pesa hiyo kwenye sadaka, anairudisha kupitia riba ya dada. Kwa mkopo wa dola 250,000 asilimia 2 ni dola 5,000. Na ona ujanja wa makaratasi ulivyobaki: ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba mkopo, mteja lazima apewe makadirio ya kurasa tatu, fomu nzuri kweli, ipo tangu Oktoba 2015. Lakini malipo ya dalali yanayotoka kwa mkopeshaji hayamo humo. Yanaonekana kwenye fomu ya mwisho, ile inayokuja siku tatu kabla ya kusaini, wakati umeshafunga mabegi na watoto wameshachagua vyumba.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni jipya. Hoja nzima ya dalali ni kwamba anazunguka soko kwa niaba yako. Mwezi Machi 2021 kampuni ya UWM ya Michigan, inayofanya biashara ya jumla tu kwa madalali, ilitangaza kupitia mkuu wake Mat Ishbia kwamba dalali atakayepeleka mikopo kwa washindani wawili waliotajwa, Rocket na Fairway, asilete tena kwao. Chagua. Na wengi walisaini. Kufikia mwisho wa 2022 UWM ilikuwa ndiyo mkopeshaji mkubwa kuliko wote Marekani. Sisemi mikopo yao ni mibaya. Nasema dalali aliyesaini hawezi tena kukuambia amezunguka soko lote.

Wengine wamejaribu kulikata tatizo kwenye shina. Australia, tume iliyoongozwa na jaji Kenneth Hayne ilipendekeza Februari 2019 kwamba dalali alipwe na mkopaji mwenyewe, si benki. Madalali wakapiga kelele, wakasema watu watakimbilia benki kubwa na ushindani utakufa, uchaguzi ulikuwa unakaribia, na mwezi uliofuata serikali ikarudi nyuma. Walichobaki nacho ni sheria ya tangu Januari 2021 inayomlazimisha dalali kutanguliza maslahi ya mkopaji. Binafsi nadhani Hayne alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa na madalali walikuwa sahihi kuhusu dawa. Mtu asiye na hela ya kianzio utamwambiaje alipe dalali taslimu?

Basi juzi nikampigia dada, mchana wa kwetu ili na yeye aonje kuamshwa. Nikamwambia simkatazi kwenda kwa dalali, na kwamba kwa mtu kama yeye, mwenye mshahara wa kazi mbili na miezi mingine ya zamu za ziada, dalali anayejua ni mkopeshaji gani anazihesabu zamu hizo anaweza kuwa na faida kuliko dirisha lolote. Ila amuulize maswali mawili kabla hajasaini: unalipwa asilimia ngapi na nani, na mikopo yako ya mwaka jana ulipeleka kwa wakopeshaji wangapi? Asiulize "unaweza" kupeleka kwa wangapi. Aulize ulipeleka. Na wiki hiyo hiyo aombe makadirio mahali pengine pawili, aweke karatasi mezani. Alihofia kuomba omba kutamshushia alama zake za mkopo. Nikamweleza kuwa maombi ya mkopo wa nyumba yaliyokaribiana, ndani ya wiki mbili hivi, huhesabiwa kama ombi moja.

"Na akikasirika?"

"Dada, akikasirika umeshapata jibu."

Jana saa nane usiku simu ikaita. Kijana hakukasirika, alicheka tu, halafu jioni akaandika barua pepe. Asilimia 2.25, analipwa na mkopeshaji. Na kati ya wale kumi na kitu, mikopo yake karibu yote ya mwaka jana ilikwenda kwa mmoja. Dada anasema bado anampenda, maana amejibu. Makadirio yake ameshayapata, na ya benki yake pia. Bado ya chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali, ambayo yanatakiwa kufika Alhamisi.